Kuifukuzia Kanda Yenye Sauti ya Luhende

Tarehe 3 Juni 1986 tulimpoteza Luhende, mdogo wangu wa mwisho. Duara alilokuwa akichimba upande wa Geita liliporomoka. Duara ndilo shimo la dhahabu, kwa lugha ya wachimbaji. Telegramu ilipofika Shinyanga wenzake walikuwa wameshamzika. Mwili hatukuuona. Picha yake tuliyo nayo ni ile ya darasa la saba, amesimama nyuma ya mvulana mrefu, linaonekana sikio na nusu ya paji la uso.

Ninyi mliokaa nasi matangani mmeniuliza, mmoja mmoja, ilikuwaje nikaenda machimboni peke yangu. Kila nikianza kusimulia nachoka katikati. Basi naandika mara moja, mpeane.

Mnamkumbuka Maganga, mpagazi wa stesheni ya Isaka, yule wa shati jeusi. Mlidhani amelivaa kwa msiba. Hapana. Yeye na wenzake huvaa hivyo siku zote. Wanapenda muziki wa kizungu wa magitaa yanayokwaruza na ngoma kama mabati yanayoanguka, na wenyewe wanauita chuma. Luhende alikuwa mmoja wao. Siku ya kuondoka, Maganga alimwambia mama, kwa nia njema, kwamba sauti ya Luhende ipo kwenye kanda yao.

Mama alikuwa hajainua uso tangu taarifa ifike. Hapo aliuinua.

"Anaongea?"

"Anaongea, mama. Kabla ya wimbo kila mtu anasema maneno yake."

Mama akanigeukia. Hakuniambia niende, mnamjua alivyo. Alinitazama tu mpaka nikasema nitakwenda.

Shinyanga hadi Isaka

Treni ya asubuhi iliingia jua likiwa limeshageuka. Tulipouliza sababu tulijibiwa kwamba ikija tutaiona, na hilo lilikuwa kweli. Nilikaa na bwana mmoja wa Maswa mwenye gunia la choroko. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema nafuata kanda ya muziki. Akakitazama kitambaa changu cha msiba, akalivuta gunia lake karibu.

Maganga nilimkuta akipanga marobota ya pamba. Alifurahi mno kuniona, na kero ilianzia hapo, maana alidhani nimekuja kujiunga. Alinipeleka kwake, mkewe akasonga ugali wa muhogo, dagaa wakaletwa, na kabla sijanawa mikono nikaulizwa swali.

"Dada, kwanza niambie. Wewe ni wa Wafua Nondo au wa Wajukuu wa Radi?"

"Mimi ni wa Luhende."

"Luhende alikuwa wa Radi," akasema kwa masikitiko, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ndugu. "Nilijaribu sana kumtoa huko."

Ikabidi nielezwe. Kanda zao huwafikia zimeshanakiliwa mara nyingi, hazina karatasi wala maandishi, kwa hiyo hakuna anayejua wapigaji wanaitwaje kwao. Majina wamewapa wenyewe. Wapo Wafua Nondo, wapo Wajukuu wa Radi, wapo Mbwa wa Reli. Nyimbo nazo zinaitwa kwa jinsi zinavyoanza: ile ya kengele, ile ya mtu anayekoroma, ile ya mvua ya mawe. Wanagombana juu ya majina hayo kama wazee wanaogombea mpaka wa shamba.

Kanda yenyewe ni moja, na inazunguka. Anayeipokea anaisikiliza, anafuta wimbo mmoja asioupenda, na mahali pake anaweka ule anaoupenda kuliko zote. Kabla ya wimbo anasema jina lake, anakotoka, na kwa nini ameuchagua. Ukifutwa wimbo, na maneno yake yanakwenda. Niliposikia hayo nikaweka tonge chini. Ina maana mtu yeyote, saa yoyote, angeweza kumfuta Luhende.

Nikamwambia ailete niisikilize.

"Haipo hapa."

"Si ulimwambia mama iko kwenu?"

"Iko kwetu, dada. Sisi tumeanzia Isaka, tumepita Kagongwa na Runzewe, tumefika machimboni. Iko humo humo."

Ilikuwa imeshapelekwa Kagongwa kwa Karim. Nilimuuliza kama yeye alimgusa Luhende. Akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hakumgusa. Alifuta wimbo wa Karim, kwa sababu ulikuwa mrefu na ndani yake kulikuwa na filimbi. Akaniomba nikifika huko nihakikishe wake yeye bado ni mzima.

Isaka hadi Kagongwa

Si mbali. Mtu mwenye baiskeli nzima angefika akiwa na pumzi yake. Mimi nilipanda lori, na lori liliharibika mara tu stesheni ilipopotea nyuma yetu. Dereva alilala chini ya gari na kunihoji akiwa huko huko. Aliamini nafuata mume aliyenikimbia. Nilimwambia mume wangu, Baba Shija, yuko nyumbani na watoto. Akasema wote husema hivyo.

Duka la kina Karim ni la vitambaa, la baba yake. Ni Waislamu wa asili ya Kihindi, wako pale tangu babu yao. Karim ana binamu ng'ambo anayemletea kanda mpya, na mashine yake ya kunakilia, yenye milango miwili ya kanda, ameificha nyuma ya majora ya khanga, maana mzee wake hataki kuusikia muziki ule. Nilipojitambulisha aliinamisha kichwa, akanipa pole vizuri, halafu pole ile haikukaa hata dakika.

"Dada, umetoka kwa Maganga? Alisema nini juu ya wimbo wangu?"

Mimi sijui kudanganya. Nikamwambia: filimbi.

Aliniweka pale nimesimama na kikapu changu huku akinifafanulia filimbi ile. Kwamba wimbo ule ni mrefu kuliko zote katika kanda kwa sababu una mambo mengi ya kusema. Kwamba Maganga ana masikio ya kubebea mizigo. Kwamba kanda ilipomfikia, naye aliufuta wa Maganga na kuurudisha wake mahali pale pale. Kisha, kwa sauti ya chini sana, akanipigia wote. Nilisikiliza mpaka mwisho kwa sababu ya adabu. Niliona mambo mengi ya kusema hayamlazimu mtu kuyasema yote.

"Na Luhende?" nikauliza.

"Astaghfirullah. Nani amguse Luhende? Mimi ndiye niliyemfundisha kusikiliza."

Hapo mzee wake akatoka nyuma. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nataka kitambaa gani. Karim akaanza kubabaika, kwa hiyo nilisema mwenyewe kwamba nimefiwa na mdogo wangu, na sauti yake imebaki kwenye kanda ya muziki ya vijana hawa. Mzee akamgeukia mwanawe. Hakumgombeza kwa muziki. Alimgombeza kwa kumsimamisha mfiwa. Kiti kililetwa, na chai yenye sukari, ambayo kwangu nilikuwa sijaionja kwa wiki nyingi.

Kanda ilikuwa imeshakwenda Runzewe, kwa mtu anayeitwa Mama Bahati. Wakati naondoka Karim alinitilia kikapuni betri mpya za redio zilizofichwa chini ya meza, akasema kule mbele hazipatikani kabisa, nikiwapelekea watanipokea vizuri. Nilimshukuru. Laiti ningeziacha.

Kagongwa hadi Runzewe

Lori lililonichukua lilikuwa linakwenda tupu kufuata pamba. Dereva alikuwa yule yule wa Isaka. Aliponiona alipiga usukani kwa furaha, akasema anajua nitampata tu huyo mwanamume. Njia nzima, vumbi likituingia mpaka kwenye meno, alinishauri namna ya kuzungumza na mume mtoro: nisianze na maneno makali, nianze na chakula. Nilimwambia tena kwamba mimi nimefiwa. Tulipofika kilima kilichofuata akaniambia kwa huruma kwamba ni kweli, mwanamume wa hivyo ni wa kuhesabiwa amekufa.

Tulilala Ushirombo kwa sababu ya gurudumu, na kesho yake tukakaa tena kwa sababu ya gurudumu hilo hilo. Nilikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyofungiwa na mke wa Maganga. Kila nilipotafuna nilifikiria mkono wa mtu nisiyemjua ukibonyeza kitufe cha kufutia.

Mama Bahati nilitarajia awe mke wa mmoja wa vijana hawa. Kumbe ndiye mwenyewe. Ni Msumbwa, mtu mzima kunizidi, ana mgahawa wa nyasi kando ya barabara, na muziki ule anausikiliza akitwanga muhogo. Alisema unampa nguvu za mikono, kuliko nyimbo za mapenzi ambazo zinamfanya akae chini. Ni wa Mbwa wa Reli. Aliniwekea wali na kisamvu, akaninyamazisha mpaka nile, na ndiye wa kwanza katika safari yote aliyenihoji habari za marehemu kabla ya kunihoji habari za magitaa.

Halafu akanieleza jambo lililonikatisha wali. Kanda alikuwa amempa Doto, mchimbaji wa kambi ile ile aliyofia Luhende. Wachimbaji wana miiko yao. Mtu akifia shimoni, jina lake halitajwi karibu na maduara mpaka mahali pasafishwe, na huko hawajasafisha bado, wanangoja kondoo wa tambiko. Sasa jina tu halitajwi, sembuse sauti yake mwenyewe itoke redioni.

"Doto alipita hapa juzi akiwa na wasiwasi," akasema. "Wenzake wamemwambia aifute. Mama Shija, mimi nisingelala hapa."

Sikulala.

Runzewe hadi machimboni

Nilipata baiskeli ya kubebwa hadi njia ya Geita, na sehemu iliyobaki nilitembea nikifuata watu wenye machepe. Kambi unaisikia kabla hujaiona. Wanatwanga mawe katika vinu vya chuma, wanaume kwa wanawake, mfululizo, na nilipofika juu ya mteremko nikatambua kwamba ile kelele nilikuwa nimeisikia nyuma ya majora ya khanga kwa Karim. Kwa mara ya kwanza nilielewa mdogo wangu aliipendea nini. Sisemi niliipenda.

Walionekana kunijua. Wanasema mimi na mdogo wangu tunafanana. Mwenye duara, Mzee Nkwabi, alitoka kibandani, akavua kofia, akaniamkia kwa Kisukuma kwa kuniita mayu, kama anavyoitwa mama wa mtu. Alinionyesha kaburi, nikakaa pale kwa muda wangu. Hayo hamkuniuliza, nami siyaandiki.

Tuliporudi tulikaa chini, na Doto akaja. Ni kijana mwembamba, shati jeusi, vumbi la mawe hadi kwenye kope. Mimi nililelewa kwamba mgeni hatoi shida yake kabla hajatoa alichokuja nacho. Nikafungua kikapu, nikaweka zile betri mbele yao.

Mzee Nkwabi akazishika, akazigeuzageuza.

"Mungu mkubwa," akasema. "Tulikuwa tumekubaliana kuifuta tangu Jumapili, tatizo redio haina betri. Zimekuja zenyewe."

Sijui kama mmewahi kusafiri umbali wote ule mkiwa na kisu cha kuchinjia kuku wenu wenyewe. Nilinyang'anya betri mkononi mwa mzee wa watu. Nasema nilinyang'anya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Vinu vya karibu vikanyamaza.

"Mzee," nikasema, "ninyi mnataka sauti yake isisikike hapa. Mimi naitaka ikasikike nyumbani kwa mama yake. Sasa tunagombania nini?"

Akacheka, akasema kweli hatugombanii kitu. Niichukue niende nayo, iwe mbali na maduara yake, na yeye ataniombea njia njema. Nikamnyooshea Doto mkono anipe kanda.

Doto hakunipa. Akasema, kwa heshima sana, kwamba haiwezekani.

"Dada, anayeipokea lazima afute wimbo mmoja na aweke wake. Hata marehemu asingekubali."

"Mimi sina wimbo. Sipendi muziki wenu. Nimesafiri nao tangu Isaka na bado siupendi."

"Basi weka unaoupenda wewe. Kanuni haikusema lazima uwe chuma."

Wachimbaji wengine wanaopenda chuma walikuwa wameshajikusanya, na wote wakaafiki. Nilimgeukia Mzee Nkwabi anisaidie. Akasema mambo ya kanuni yeye haingilii, duara lenyewe linaendeshwa kwa kanuni. Nilichoka kiasi kwamba nilikubali.

Lakini kabla ya kurekodi lazima ujue kanda imesimama wapi, na kulijua hilo lazima uipige, na ukiipiga anaweza kutoka marehemu. Kwa hiyo tuliondoka wote, kundi zima, tukavuka kijito hadi mahali ambapo mzee alisema si pa maduara tena. Yeye alikaa karibu na redio, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuzimia.

Walipiga, wakasogeza, wakapiga. Kila kipande kilichotoka kilizua ubishi: mmoja anasema hiyo ni ile ya mvua ya mawe, mwenzake anasema hiyo ni ya kengele ila imepigwa na Radi baada ya kugombana na mpiga ngoma wao. Nikawakumbusha kwamba nina msiba. Wakasema pole, wakaendelea kwa sauti ya chini. Tukageuza upande wa pili.

"Haya, mimi ni Luhende..."

Kidole cha mzee kikashuka. "Basi. Tumejua yuko hapo. Asiguswe."

Maneno hayo tu. Nilikuwa sijajiandaa. Doto alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na hakuwa na kiatu chenye kamba.

Wakaniuliza nafuta upi. Nikachagua wa Karim. Alinipa betri na baba yake alinipa chai, najua, lakini ulikuwa mrefu kuliko zote, na mimi nilikuwa nimeshausikia. Nikasogeza mdomo kwenye redio, nikasema mimi ni Minza, Mama Shija, wa Shinyanga, dada yake yule, na wimbo wangu ni ule wa kulimia tuliokuwa tukiuimba mimi na yeye kwenye shamba la mama, yeye akiwa mdogo na jembe likimzidi urefu. Nikaanza.

Wimbo wa kulimia hauimbwi na mtu mmoja. Unamwita mwenzako, anaitika. Niliita mara ya kwanza pakawa kimya, nikajuta. Mara ya pili wakaitika wote, maana wengi wao ni Wasukuma na wamelima kabla ya kuchimba. Waliitika kwa vifua vile vya kutwangia mawe, mmoja akapiga chepe kwa jiwe, na Mzee Nkwabi, aliyekuwa amesema haingilii, akaingilia. Tuliimba mpaka mahali pa Karim pakajaa.

Doto akatoa kanda, akaifuta vumbi kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili.

Kurudi

Yule dereva nilikutana naye tena Runzewe. Aliniona peke yangu, akasikitika, akasema hata hivyo nimejitahidi.

Kagongwa nilimwomba Karim aninakilie, moja ibaki kwa mama na ile yenyewe iendelee na mzunguko. Nilimwomba azime sauti, sikutaka kumsikia Luhende kabla ya mama. Alizima, lakini alivaa vile vya masikioni ili ahakikishe inaingia vizuri. Nilimwona anapofika mahali pake. Alikaa akisikiliza watu wakilima. Kisha akavua vile vya masikioni, akasema Doto aliitikia nje ya mapigo. Kwa Maganga sikuingia. Nilimkabidhi kanda yao pale pale stesheni, nikapanda treni kabla hajaniuliza habari za wimbo wake.

Nyumbani

Redio tuliazima kwa jirani. Mama alikaa kwenye mkeka, akaniambia nifunge mlango. Nikabonyeza.

"Haya, mimi ni Luhende wa Shinyanga. Nauweka huu wa Wajukuu wa Radi, na atakayeufuta nitamfuata kwake na jembe. Maganga, nakwambia wewe. Msikilize ngoma inavyoingia baada ya gitaa la pili, siyo la kwanza, la kwanza linawadanganya..."

Nyuma yake, mbali kidogo, kuna sauti ya mwanamke: "We Luhende, ugali unapoa."

"Nakuja, mama. Namalizia."

Alikuwa amerekodia hapa hapa kwetu, na hakuna aliyejua. Halafu magitaa yakaanguka, yote kwa pamoja.

Nilitaka kuzima. Mama akanizuia kwa mkono. Alisikiliza wimbo mzima, uso ameukunja kama mtu anayetolewa mwiba, hadi ulipokatika.

"Ndiyo hiki alichokuwa anaachia chakula?"

"Ndicho, mama."

"Kelele tupu," akasema. Akajifunga khanga yake upya. "Rudisha."

Nikarudisha.